Namba Iliyobaki Ubaoni

Abiria wetu hukasirika mara mbili. Kwenye kaunta hukasirikia uzito wa mizigo, na mlangoni mwa ndege hukasirika kwa sababu ndege siyo yetu. Mtu amekata tiketi yenye jina la shirika letu, amekuja akitazamia mkia wa bluu, na pale nje anaona mkia mwekundu na wahudumu waliovaa sare za watu wengine. "Mmeniuza," mzee mmoja aliniambia siku moja, na hakuwa akitania.

Hakuna aliyeuzwa. Ndivyo mashirika ya ndege yanavyoishi siku hizi. Sisi hatuna ndege za kwenda kila mahali, na wenzetu wana ndege zinazoruka na viti vitupu. Basi tunakubaliana: ndege ni yao, rubani ni wao, mafuta ni yao, lakini baadhi ya viti tunaviuza sisi, kwa jina letu na kwa namba yetu. Ndege moja inaruka na namba mbili. Ubaoni zinaandikwa zote, moja baada ya nyingine, na asiyejua hudhani ni ndege mbili zinazokimbizana. Nimeieleza habari hii mara nyingi kiasi kwamba naweza kuieleza nikiwa usingizini. Mimi ni mtu wa ratiba. Nakaa chumba cha juu chenye dirisha linalotazama ukumbi wa wanaowasili, na kila kinachoandikwa kwenye ubao kuhusu namba zetu hupitia kwenye kompyuta yangu.

Mtu pekee aliyeelewa mara moja bila kunichosha alikuwa mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wa mama. Alikuwa fundi wa lifti, na mafundi wa lifti nadhani wamezoea vitu vinavyobeba watu wasiojua wanabebwa na nini.

"Kwa hiyo dada, jirani anapika, nyinyi mnakaribisha wageni," alisema.

"Ndiyo hivyo. Na wageni wakiumwa tumbo, lawama ni zetu."

Alicheka mpaka akakohoa. Kampuni yake ilipompeleka ng'ambo kujifunza lifti za aina mpya, angeweza kukata tiketi ya wenzetu, ndege ikiwa ile ile. Alikataa. Alisema akisafiri kwa namba ya dada yake atakuwa kama amekaa sebuleni kwetu. Alikwenda salama, akakaa, akatutumia picha akiwa amevaa kofia ngumu ya njano. Ndege ya kumrudisha haikufika.

Sina hamu ya kuisimulia ndege yenyewe. Iliruka, ikazungumza na waongozaji wa chini, ikaingia juu ya bahari, ikanyamaza. Meli zilitafuta na kupata kipande cha bawa na matakia ya viti. Mtu hata mmoja hakupatikana. Mwishowe ikatangazwa kwamba wote wamekufa, na ndugu na majirani wakaja nyumbani kwetu kukaa msiba. Mama akawazuia mlangoni.

"Msiba wa nani?" aliwauliza. "Huyu mtoto hata kuzaliwa alichelewa. Nendeni nyumbani kwenu."

Wakatazamana, wakanitazama mimi. Nikatazama chini. Wakaenda.

Kazi yetu ina desturi moja ambayo haijaandikwa popote na kila mtu anaifuata. Ndege ikipotea na watu, namba yake haitumiki tena. Inaondolewa kwenye ratiba, na safari ya njia ile inapewa namba nyingine. Sisi wenyewe husema namba imezikwa. Wenzetu waliizika yao kesho yake asubuhi, kabla hata meli hazijafika kule kunakotafutwa. Waliizika vizuri, kimyakimya, kama inavyotakiwa.

Yetu haikuzikwa. Makao makuu yetu yalidhani kwamba wenzetu wakiondoa ya kwao, ya kwetu itaondoka nayo, maana ndege ilikuwa moja. Wenzetu walidhani hawana ruhusa ya kugusa namba ya shirika lingine, na kweli hawana. Kila mmoja akamwachia mwenzake. Basi namba yetu ikabaki kwenye ratiba bila ndege, na kila alasiri, saa ya ndege ile kutua, mashine iliiandika ubaoni kama kawaida. Ilitafuta ndege, ikaikosa, ikaandika neno ambalo huliandika inapokosa habari: IMECHELEWA.

Mimi niliiona siku ya kwanza niliporudi kazini. Nilikaa nikaitazama. Nikaiacha.

Tena ilikuwa na sauti. Matangazo ya ukumbini husomwa na mashine yenye sauti ya mwanamke, mtulivu kama mtu asiyejua njaa. Zamani alikuwa akisoma namba ya wenzetu kwanza, kisha yetu. Sasa alianza, akanyamaza pale namba ya wenzetu ilipokuwa, kisha akataja yetu. Kile kimya hakikuwa kirefu. Wapita njia hawakukisikia. Mimi nilikisikia kila siku, kwa sababu kilikuwa na urefu wa mtu kuvuta pumzi.

Mama aliujua ubao ule kwa bahati mbaya tu. Nilisahau miwani yangu nyumbani, akaniletea. Nilipoteremka kumpokea nikamkuta amesimama katikati ya ukumbi, shingo juu, miwani yangu mkononi.

"Imechelewa," alisema, akiionyesha kwa kidole namba ya mdogo wangu.

Nilipaswa kumjibu palepale. Nikachukua miwani, nikamshukuru, nikamsindikiza mpaka nje. Kesho yake alasiri nilichungulia dirishani nikamwona amekaa kwenye viti vya chuma vinavyotazama ubao, amevaa nguo zake za kutokea, pochi magotini. Na keshokutwa. Na siku zote zilizofuata.

Alikuwa akija kabla ya saa ya ndege na kuondoka pamoja nami nikimaliza kazi. Hakumsumbua mtu. Wafagiaji walimzoea, wakawa wanamfagilia kando ya miguu bila kumwomba ainue. Lakini alikuwa akiisha. Nguo zilianza kumning'inia. Miguu ilimvimba kwa kukaa. Nyumbani alikula kama anayeonja chumvi, na daktari alipomwambia apumzike, alimjibu kwa adabu kwamba alasiri ana shughuli. Nilikuwa namtazama mama yangu akifa kidogo kidogo kwenye kiti cha chuma, na kilichokuwa kikimuua kilikuwa kwenye kompyuta yangu.

"Mama, unangoja nini pale?" nilimuuliza jioni moja tukienda nyumbani.

"Si imeandikwa?"

"Imeandikwa."

"Basi."

Tukatembea. Baada ya muda akauliza, "Anayeandika pale ni nani?"

"Ni mashine, mama."

"Mashine peke yake?"

"Peke yake," nikasema.

Mkuu wetu wa kituo ni mtu mpole, tumbo lake humtangulia kila anapoingia. Siku moja aliingia chumbani kwangu akafunga mlango, jambo ambalo si kawaida yake.

"Ile namba bado ipo," alisema.

"Ipo, mzee."

"Wenzetu wametuandikia. Wanasema wao walidhani tumeshaiondoa. Na sisi tulidhani wao... Basi, ndiyo hivyo. Mimi ningeweza kuiondoa mwenyewe, ni kubonyeza tu. Lakini nikasema hapana. Wewe ndiye mfiwa. Nimekuachia."

"Ahsante, mzee."

"Usiharakishe. Ukiwa tayari."

Nilimshukuru kwa mdomo, rohoni nikamlaani. Mtu akitaka kukutendea wema, akung'oe jino mwenyewe, asikukabidhi koleo. Alipotoka niliifungua ratiba, nikauchagua mstari, nikaweka kidole kwenye kitufe. Kisha nikatazama chini dirishani. Kitambaa cha kichwa cha mama kilikuwa palepale, kimenyooka kuelekea ubaoni. Nikajiambia: nikibonyeza, namuua huyu mtoto mbele ya mama yake. Bahari ilimuua mahali ambapo mama hakuona. Mimi nitamuua hapa, kwenye mwanga, akiangalia. Nikaondoa kidole. Nilifanya hivyo siku nyingi, mpaka kitufe chenyewe nikawa nakiogopa kama jiko la moto.

Siku yenyewe mvua ilikuwa ikinyesha. Ndege zilikuwa zinazunguka juu zikingoja nafasi, ubao wote ukiwa umejaa ucheleweshaji, kwa hiyo safari hii namba yetu haikuonekana tofauti na nyingine. Nilikuwa na simu sikioni, nikibishana na mtu wa mafuta. Nilipogeuka kwenye kompyuta, neno lilikuwa limebadilika.

INAKARIBIA.

Sikuwa nimegusa kitu. Nilikata simu bila kuaga. Nikasema ni hitilafu, nikajikaza, nikashika kipanya nirudishe lile neno la zamani, na wakati huo huo likabadilika tena. IMETUA. Pembeni yake, mahali ambapo hapakuwa na kitu tangu siku ile, pakaandikwa: MKANDA WA TATU.

Yule mwanamke wa matangazo akafungua kinywa. Akasalimu, akanyamaza kwa urefu wa pumzi moja, akataja namba yetu, akasema imetua.

Mafundi wa mfumo walipoulizwa baadaye walisema kwamba namba isiyo na mwenzake hujishikiza kwenye ndege yoyote inayopita karibu, hasa mvua ikichanganya ratiba. Inawezekana. Wao kazi yao ni kueleza. Mimi niliteremka zile ngazi nikiwa nimeacha kiatu kimoja juu, na sikuwa nafikiria mfumo.

Nilipitia kwanza ukumbi wa mizigo, kwa kuwa ndiyo njia ya wafanyakazi. Mkanda wa tatu wa kuletea mabegi ulikuwa unazunguka. Ulikuwa mtupu. Zile ndimi za mpira kwenye tundu la ukutani zilikuwa zinapepea, kana kwamba begi limetoka kupita. Mtu wa mikanda, ambaye kila mtu anamwita Bwana Mpira, alikuwa amesimama kando mikono kiunoni.

"Nani kawasha huu?" nilimuuliza.

"Mimi. Mashine imesema imetua, mkanda wa tatu. Nimewasha."

"Mizigo iko wapi?"

"Ndiyo nangoja iletwe." Kisha akanitazama mguu, akanitazama uso, na nadhani akaikumbuka namba. "Dada," alisema polepole, "hii ndege ni ipi?"

Nikatoka kwa mlango wa pembeni mpaka ukumbi wa kupokelea wageni.

Mama alikuwa amesimama. Alikuwa ameshika kile chuma kinachotenga wanaosubiri na wanaotoka, mbele kabisa, uso kwenye milango ya vioo. Pochi ameiacha kwenye kiti, mama ambaye hata msalani huenda nayo. Nikaenda nikasimama ubavuni pake. Nilitaka kumshika mkono na sikuweza, nilikuwa na hofu kwamba nikimgusa ataanguka.

Milango ikafunguka.

Hapakuwa na mtu. Ni milango inayojifungua yenyewe mtu akikaribia, na hujifunga yenyewe akishapita. Ilifunguka mpaka mwisho, ikabaki wazi, muda mrefu kuliko kawaida, kama anavyoichelewesha mtu mwenye mizigo mingi anayetafuta pa kupita. Upepo wa baridi wa ndani ukatupiga usoni. Mfagiaji aliyekuwa karibu akavuta ndoo yake pembeni, kisha akaitazama ndoo kama haelewi kwa nini ameivuta. Mwishowe milango ikajifunga.

Niliposhusha pumzi nikaona mama haangalii milango. Ananiangalia mimi.

"Umempisha," alisema.

"Nani?"

"Usiniulize nani. Umesogea ukampisha."

Nikatazama miguu yangu, mmoja una kiatu, mwingine hauna. Kweli nilikuwa nimesogea. Kati yangu na mama palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kupita, na sikukumbuka kuifanya.

"Twende tukae," mama alisema. Akanishika mkono, yeye mwenye miguu iliyovimba, akaniongoza mpaka kwenye viti kama anayeongoza mgonjwa. Akaichukua pochi yake, akaiweka magotini, akaifungua na kuifunga. Hivyo ndivyo anavyofanya akitafuta maneno.

"Siku ile ya miwani niliamini," alisema. "Sikatai. Nilirudi nyumbani nikalala vizuri, nikasema mtoto amechelewa, atakuja. Kesho yake nikaja. Nikakaa hapa. Halafu nikainua macho nikakuona pale juu dirishani. Nilidhani unaniangalia mimi. Nikakupungia mkono. Hukuniona. Ulikuwa unaangalia ubao."

"Mama, nilikuwa nakuangalia wewe. Kila siku nilikuwa nakuangalia wewe."

"Nilikupungia mkono," alirudia. "Hukuniona."

Nikainua macho kuelekea lile dirisha langu.

"Mimi sikusoma sana, lakini si mjinga," aliendelea. "Nilikuuliza nani anaandika, ukasema mashine. Mwanangu, miaka yote umenilalamikia hiyo mashine. Kwamba haiwezi hata kusahihisha saa bila wewe. Nikajua ni wewe umemwacha pale. Nikasema hajaweza. Huyu ndiye mkubwa, ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni, hajaweza kumtoa. Hujalia. Hata siku ile walipokuja watu hukulia. Nikasema nitakuja nikae naye chini hapa mpaka aweze. Siwezi kumwacha mtoto amngoje maiti peke yake."

Alilitamka lile neno bila kupandisha sauti.

"Nilimwacha kwa ajili yako," nilisema. "Niliambiwa nimwondoe. Kila siku naweka kidole, nakuona umekaa hapa, nashindwa. Nilidhani ukiona ametoka utakufa."

Mama akafunga pochi. Akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu ndege ile aliniangalia kama anavyoniangalia nikichoma chakula.

"Mimi nakungoja wewe, wewe unaningoja mimi," alisema. "Na miguu yangu imekuwa hivi."

Akacheka kidogo. Kilikuwa kicheko kibaya, kikavu, kikaishia njiani. Juu yetu ubao bado ulikuwa umeandika IMETUA, na watu walikuwa wanapita na vigari vyao vya mizigo, wakitukwepa.

"Hiyo namba inaandikwa wapi?" aliuliza. "Nipeleke."

Hakuwahi kupanda chumbani kwangu. Tulipanda polepole, ngazi moja moja, akipumzika kwenye kila kona. Kiatu changu alikiokota yeye mlangoni, akakiweka mbele yangu nikakivaa. Mkuu wa kituo alikuwa amesimama ndani mbele ya kompyuta, amekuja kuona kilichotokea, akatupisha bila kuuliza. Nikampa mama kiti changu. Nikamwonyesha mstari kwenye kioo. Aliugusa kwa ncha ya kidole.

"Ndiyo yeye huyu?"

"Ni namba yake, mama."

"Na yeye yuko wapi?"

Nikageuza uso kuelekea dirishani. Akanishika kidevu akanirudisha, kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo na nimevunja kitu.

"Nimekuuliza. Mdogo wako yuko wapi?"

Sikuwa nimewahi kulisema. Nilikuwa nimesema ndege haikufika, nimesema tangazo limetoka, nimesema mambo mengi ya kazini. Hilo moja sikuwa nimelisema kwa mtu yeyote, hata kwa mto wangu.

"Yuko baharini," nilisema. "Amekufa, mama. Mdogo wangu amekufa."

"Eeh," mama alisema. "Amekufa."

Akauchukua mkono wangu akauweka kwenye meza, akauachia. Nikabonyeza. Mstari ukatoweka, na mistari yote iliyokuwa chini yake ikapanda hatua moja juu. Huko chini ukumbini ubao ukafanya vivyo hivyo. Dirishani nilimwona mtu mmoja akiinua kichwa, akaona ndege yake imesogea juu, akamwambia mwenzake. Mkanda wa tatu ukazimwa. Nilikuwa nimesimama wima, nimeshika ukingo wa meza, nikifikiria kwamba inabidi niwaandikie makao makuu kuwajulisha, na niwaandikie wenzetu, na niulize kama safari za kesho zimepangwa.

Mama akanivuta kwa sare mpaka magoti yangu yakakunjika. Akakiweka kichwa changu mapajani pake, juu ya ile pochi ngumu, akanifunika sikio kwa kiganja.

"Haya mama," alisema. "Sasa lia."

Nikalia. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na mkuu wa kituo akatoka akatufungia mlango.